Tv ya ukutani na homu thieta: ARC, optiko, au kila kitu kwenye ampli?

gungu_kwetu
Wakuu habari za jioni. Niko Gungu hapa Kigoma, tv ya nchi 55 inapanda ukutani wiki hii, ukuta wa tofali za kuchoma, plasta tayari ila rangi bado, ndo maana naharakisha maana rangi ikishapita mama watoto hataki kuona mtu na patasi sebuleni. Chini kuna kabati la ampli ya 5.1, yaani spika tano na sabufa (yuzdi), ina HDMI tatu za kuingiza na moja ya kutoa imeandikwa ARC (inarudisha sauti ya tv kwenye ampli kwa waya huohuo wa HDMI), na tundu la optiko (waya wa sauti unaotumia mwanga) lipo. Vya kuunga ni king'amuzi, PS4 na deki ya blu-rei. Nimeona njia tatu. A, kila kitu kiingie kwenye ampli halafu HDMI moja ipande kwenye tv. B, kila kitu kiende kwenye tv, sauti irudi chini kwa ARC. C, kila kitu kwenye tv, sauti irudi kwa optiko. Fundi wangu anasema nisihangaike, nitumie bluetuthi tu. Mnanishauri ipi?

fundi_isevya
Huyo fundi hataki kuchimba tofali 😂 bluetuthi mtu anaongea kwenye picha sauti inakuja baadaye, tena inakuja stereo, spika za nyuma zinabaki mapambo.

Mi niko Tabora, kazi hizi nafunga. Chukua A, hasa kwa sababu ya hiyo blu-rei. Zile sauti za ubora wa juu za kwenye diski, Dolby TrueHD na DTS-HD, hazipiti kwenye optiko wala ARC ya kawaida, zinapita HDMI kutoka kwenye deki moja kwa moja hadi ampli, labda uwe na eARC, ile ARC iliyoboreshwa, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, na kwa ampli ya yuzdi sitarajii. PS4 nayo kwenye magemu inatoa sauti ya 5.1 ambayo haijabanwa, ukiipitishia kwenye tv inashuka kwa ARC ikiwa stereo au imebanwa.

bintiwaujiji
kaka fundi unaongea kama kila nyumba anakaa fundi. nyumbani walituunga hiyo A, bibi akitaka taarifa ya habari saa mbili usiku lazima mtu awashe ampli kwanza la sivyo kioo cheusi kimeandika hakuna signali, na bibi hajui ampli ni nini anajua tv imeharibika, basi atapiga simu mpaka mtu arudi nyumbani. tukahamishia king'amuzi kwenye tv. sasa hivi habari zinatoka spika za tv zenyewe hamna shida na sauti ya mtangazaji haihitaji sabufa

fundi_isevya
Hapo dada umeongea. Kuna ampli zina setingi ya kupitisha picha zikiwa standibai, za zamani nyingi hazina. Gungu, zima ampli yako kwa rimoti uone kama picha inabaki.

mzee_wa_kanyenye
Mwangaluka wote. Naona mnabishana A na B kama vile ni waya mbili. Ni waya uleule! HDMI inayotoka kwenye tundu la ARC la ampli kwenda tundu la ARC la tv inapandisha picha na kushusha sauti. Kwa hiyo deki na PS4 ziweke kwenye ampli, king'amuzi kwenye tv, na hiyo waya moja katikati inafanya kazi zote mbili. Ila uchomeke kwenye tundu lililoandikwa ARC huko kwenye tv, mara nyingi ni moja tu, na uwashe CEC, ile setingi ya vifaa kuwasiliana kupitia HDMI. CEC huenda usiione kwa jina hilo peke yake, Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Bila hiyo watu wanashinda wanabadilisha waya nzima.

gungu_kwetu
Mzee shikamoo, hapo umenifungua macho. Kwa hiyo optiko haina kazi tena?

kibirizi_boy
Subiri kwanza. Mmesahau radi. Kigoma hii mvua zikianza radi inachagua nyumba. Dishi liko juu ya paa, waya wake unaingia king'amuzi, king'amuzi na HDMI kwenda tv, tv na HDMI kwenda ampli, yaani umeiwekea radi barabara ya shaba kutoka paani mpaka kwenye spika. Jirani yangu radi ilipiga karibu tu, hata haikugusa nyumba, king'amuzi kikafa na matundu ya HDMI ya tv yote yakafa, ukifungua kuna doa jeusi dogo kama punje ya mtama kwenye chipu. Tv inawaka vizuri ila haisomi chochote kilichochomekwa. Optiko ni mwanga tu, umeme haupiti, na ule mvumo wa "mmmm" kwenye spika unaosababishwa na ethi nao haupiti. Mi natumia C na siko tayari kubadilisha.

fundi_isevya
Hoja ya radi naikubali nusu. Ampli bado imechomekwa kwenye soketi, radi inaingia na huko pia. Dishi liwekewe ethi, na wingu likitanda chomoa vyote, hata waya wa dishi, watu wengi wanachomoa plagi wanaacha dishi. Halafu C ina mtego wake, kuna tv ambazo kitu kikiingia kwa HDMI zenyewe zinatoa stereo tu kwenye optiko. Angalia kioo cha ampli, kikiandika Dolby Digital uko salama, kikiandika PCM, yaani stereo kwa optiko, ingia setingi za sauti za tv utafute bitistrimu (sauti ipite ilivyo bila tv kuibadilisha). Ikigoma, ndo tv yako ilivyo.

gungu_kwetu
Nimeamua ya mzee wa Kanyenye, optiko nalaza humohumo ya akiba. Fundi ameleta paipu ya robo tatu, itatosha?

mzee_wa_kanyenye
Haitoshi. Waya unapita, kichwa cha HDMI hakipiti. Weka ya nchi moja na nusu, kona ziwe za taratibu maana optiko haipendi kukunjwa, na uache kamba ya nailoni ndani ili kesho ukitaka kuongeza waya uuvute bila kubomoa. Umeme wa tv upite paipu yake peke yake.

bintiwaujiji
na kabla hajaziba, washa kila kitu tv ikiwa chini sakafuni, kama picha inakatika katika ni waya huo urudishe dukani

kibirizi_boy
Kama kutoka kabati hadi tv haizidi mita 3 waya wa kawaida mzuri unatosha, usiuziwe ule wa mita 15. Na soketi usiiweke pale breketi inapokaa, tv itagoma kulala ukutani.

gungu_kwetu
Hiyo ya soketi imeshawekwa katikati kabisa 🤦🏾 namwita fundi saa hii kabla hajaenda Mwandiga.