Naomba ushauri: ndege ya Tanga kwenda Pemba

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nipo Ngamiani, Tanga. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na harusi ya mjukuu wake iko Chake Chake. Boti kaikataa kabisa. Safari iliyopita alitapika njia nzima, kakumbatia ndoo.

Nimepima kwenye ramani: uwanja wa Tanga hadi wa Pemba ni kama kilomita 85 tu kwa mstari ulionyooka. Wakala mmoja kaniambia nusu saa, mwingine kasema saa mbili kwa kuwa ndege inapitia Unguja kwanza. Nimebaki njia panda.

Mliosafiri karibuni, mlichukua muda gani hasa? Na zile ngazi za ndege ndogo, mtu wa magoti anasaidiwaje kupanda?