Eti tusubiri Starlink ndio bando lishuke bei?

Steshenari_Makambako:
Wakuu heshima kwenu. Nina steshenari hapa Makambako, kompyuta mbili na printa, kazi kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya vyuo na ajira. Intaneti natumia ya simu, naweka bando la wiki halafu nawasha hotspot, na simu yenyewe nimeitundika dirishani maana ukiishusha mezani tu 4G inageuka 3G. Juzi kijana anapandisha vyeti vyake, PDF imefika asilimia tisini na kitu ikaganda, kumbe muda wa bando umeisha na MB zilikuwa zimebaki kibao, zimeliwa hivyo hivyo. Sasa shemeji yangu ananiambia kila siku nisihangaike, nisubiri Starlink, ile intaneti ya setilaiti ya Elon Musk, ikija haya makampuni ya simu yatatupigia magoti, na eti TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, ndio wanaibania. Mimi kwa umri huu nimeshaahidiwa mengi. Kuna ukweli hapo au ni kelele za mitandaoni tu?

Kijana_wa_5G:
Shemeji yako yuko sahihi mia kwa mia. Wanalindana tu hao. Kenya wanayo tangu 2023 sisi tunazungushwa na leseni. Siku Elon akiingia hapa mtakuja kunishukuru.

Waya_Mrefu:
Kijana punguza mahaba 😂 Jina lako lenyewe ni ushahidi. 5G ilizinduliwa hapa 2022 kwa mbwembwe zote, haya niambie bei ya nani ilishuka? Kilichobadilika ni kwamba bando linaisha haraka zaidi.

Mtoa mada, nimevuta nyaya miaka mingi kidogo, nikuambie ninavyoona. Teknolojia mpya ikija inakuja na bei yake na mwenyewe, haiji kukuonea huruma wewe. Kwa upande wa TCRA sikubaliani na wanaosema hawafanyi kitu, wanafanya, shida ni nini kinatokea baada ya hapo. Aprili 2021 walileta kanuni mpya za vifurushi, kwenye makaratasi safi kabisa, ujulishwe ukitumia asilimia 75, uweze kumhamishia mwenzako MB, n.k. Tarehe 2 watu wanaamka wanafungua menyu bei zimepaa, kelele nchi nzima, serikali ikaamuru bei za zamani zirudi. Yaani kanuni ya kumlinda mteja imeanza kazi kwa mteja kuumia.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. TTCL ni kampuni ya simu ya serikali, Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya faiba ya nchi nzima, unaendeshwa na TTCL na makampuni mengine yananunua humo, na kwenye Airtel Tanzania serikali ilipandisha hisa zake mpaka asilimia 49 mwaka 2019. Refa ana hisa kwenye timu mbili halafu unategemea apige filimbi kwa sababu ya bando lako la wiki? Wanapokuwa wakali wanakuwa wakali kwa wadogo. Kanuni za maudhui za 2018 zilitaka blogu zilipie leseni na internet cafe zifunge kamera. Wewe wa kompyuta mbili ndio ulikuwa unatafutwa pale mkuu, sio mwenye minara.

Mtu_wa_Juja:
Mimi niko Kenya wacha niwaambie vile ilienda huku. Starlink ilikuja July 2023, mwanzoni dishi bei ilikuwa juu sana, baadaye ikashuka watu wakaingia kwa wingi. Kufika November 2024 wakafunga kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za karibu, hata sisi wa Kiambu, kwa sababu setilaiti ilikuwa imejaa. Hiyo ndio watu hawaelewi, hewa ni ya kugawana, mkiwa wengi mahali pamoja kila mtu anapata kidogo. Ni kitu ya mtu wa mbali kama Turkana zaidi kuliko ya mtu wa ploti za mjini.

Lakini pia si ukweli kwamba haikusaidia. July 2024 Safaricom, kampuni kubwa ya simu huku, waliandikia CA, wasimamizi wa mawasiliano wa Kenya, barua wakitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni zao wenyewe, zipitie kwa kampuni za hapa. Miezi miwili haijaisha, wakapandisha spidi ya fiba, kifurushi cha shilingi 2,999 za Kenya kwa mwezi kikatoka Mbps 10 kikawa 15, bei ileile. Kumbe iliwezekana siku zote! So mimi hata sina dishi na nilifaidika. Tatizo ni kwamba hiyo faida ilifika tu mahali fiba ilikuwa imeshapita.

Mama_Wawili_Tanga:
Na wale wanaodhani setilaiti haiguswi na serikali mnajidanganya. Aprili 2024 Starlink wenyewe waliwaandikia watu waliokuwa wanatumia roaming, yaani dishi limesajiliwa nchi nyingine, kwenye nchi ambazo Starlink hawana leseni kwamba huduma itakatwa. Na wakipata leseni ndio kabisa, leseni maana yake ukiambiwa zima unazima. Oktoba 2025 intaneti ilivyozimwa hapa kwetu mnakumbuka wenyewe, sisemi zaidi.

Kijana_wa_5G:
Kwa hiyo tukae tu na bando la buku tukilia? Angalau uwepo ushindani mwingine.

Waya_Mrefu:
Hapo kwenye ushindani tuko pamoja, mimi nabishia mambo ya mkombozi. Na Mtoa mada asisubiri mtu. Makambako iko barabara kuu, nenda ofisi ya TTCL uliza faiba imefikia wapi, ukiambiwa bado uliza nguzo ya mwisho yenye faiba iko mtaa gani usikubali jibu la "hivi karibuni". Kama haipo, tafuta router yenye sehemu ya kuchomeka antena ya nje uifunge juu ya bati, utaacha kutundika simu dirishani, na uchukue kifurushi cha mwezi hata kama kinauma.

Steshenari_Makambako:
Ahsanteni sana, Jumatatu naenda kuuliza hiyo nguzo. Swali la mwisho, jirani yangu ana duka la dawa, nikivuta waya mpaka kwake tukagawana bili hiyo nayo inataka leseni?

Mama_Wawili_Tanga:
Ukianza kuwauzia wapita njia watakuulizia leseni. Ya jirani malizaneni huko huko, usije kuuliza hapa hadharani 😂