Seriveri ya imeli iko na adresi mbili, bamoja wanafika, bengine "Connection timed out"

wa_Nguba

Jambo bandugu. Niko Bukavu, ninaangaliaka mashini za koperative moja ya kahawa, biro iko huku Nguba. Seriveri yetu ya imeli iko hapa hapa ku biro, Debian (njo sisteme) na Postfix (inatuma na kupokea barua) na Dovecot (inawapa batu barua zao). Mbele tulikuwa na laini moja tu ya fibri na kazi ilikuwa inaenda muzuri. Sasa juu fibri inakatikaka, wakubwa wakaongeza paraboli, na ile paraboli iko na adresi yake ya kudumu. Mi nikaweka kadi ya pili mu seriveri, nikaongeza adresi ya pili ku DNS (kile kitabu chenye kubadilisha jina kuwa adresi) kwa jina lile lile la imeli, nikawaza mulango moja ukifungwa batu watapitia ule mwingine.

Tangu siku ile sina amani. Mununuzi wa Ubelgiji anatuma kontra asubui, inatufikia mangaribi. Dada moja wa koperative akiwa Kalehe na simu yake anabonyeza kutuma, kale kaduara kanazunguka tu mpaka anachoka, akirudilia mara ya tatu inapita palepale sawa vile hakuna kitu ilikuwa. Na mu logi niko naona hii mingi (majina na adresi nimebadilisha):

`connect to mx.mfano.be[2001:db8::25]:25: Network is unreachable`

Tena fibri ikikatika, nikihamisha njia ku paraboli, Gmail inarudisha barua zetu na 550-5.7.25, inasema adresi yetu haina PTR (rekodi ya DNS yenye kutoa jina toka ku adresi).

Fibri ni 198.51.100.20 ku eth0, paraboli ni 203.0.113.45 ku eth1. Nilijaribu `ss -tlnp`, Postfix inasikiliza 0.0.0.0 ku porti 25 (ya seriveri zingine) na 587 (ya batu wetu kutuma), kwa hiyo iko inasikiliza adresi zote. Nimeisha kuzima na kuwasha kila kitu. Minaomba musaada, ni musimu wa kahawa, kontra ikichelewa bakulima ndio wanalala bila feza.

petit_Kadutu

Yaya, angalia ukuta wa moto (firewall) kwanza. Kwangu ilikuwa hivyo, niliruhusu porti 25 ku kadi moja nikasahau ya pili.

fundi_Himbi

Wazo la mudogo si baya, angalia, ila mi sizani kama ni pale. Nasoma maneno yako naona ni magonjwa matatu umeyaweka mu kitanda kimoja, na kila moja iko na alama yake, tuyatenganishe.

"Connection refused" ingekuwa mashini imekujibu kabisa kwamba hapa hakuna anayesikiliza, na ile inakujaga haraka. "Network is unreachable" ni seriveri yako yenyewe inasema sina njia ya kwenda kule, hata pakiti moja haijatoka. "Timed out" njo mubaya, juu pakiti ilienda na jibu halikurudi, na haujui limepotelea wapi. Ya dada wa Kalehe ni hii ya mwisho.

Niambie, `ip route` inaonyesha default ngapi, yaani njia ya kawaida ya kutokea inje? Nabahatisha ni moja, ya fibri. Basi waza hivi: simu ya Kalehe inauliza DNS, inapewa adresi mbili, inachagua ya paraboli. Pakiti inaingia eth1 muzuri. Seriveri inaandika jibu, inaweka 203.0.113.45 kama adresi ya mutumaji, alafu inauliza njia ya kutokea ni gani, inaambiwa fibri. Jibu linatokea eth0 na adresi ya paraboli mugongoni, na wenye fibri wakiona adresi isiyo yao wanaitupa, ni kawaida ya mitandao mingi juu ya kuzuia batu wanaojifanya wengine. Simu inangoja jibu lenye halitafika. Akirudilia na bahati ikamupa adresi ya fibri, inapita.

Na kontra ya Ubelgiji ni kitu kile kile. Seriveri kubwa ikishindwa adresi moja inajaribu ya pili, ao inaweka barua kando inarudilia kiisha muda, njo maana zinafika lakini kwa kuchelewa.

Usiniamini kwa mudomo, angalia na macho. Fungua `tcpdump -ni eth0 port 587`, inaonyesha pakiti zenye zinapita, umuambie dada ajaribu na simu. Ukiona pakiti zinatoka eth0 zikiwa na 203.0.113.45, tumeipata.

wa_Nguba

Mukubwa wa Himbi, nimefanya sasa hivi. Default ni moja kweli, 198.51.100.1. Nimeita dada, amebonyeza mara ine, na mara ya pili nikaiona: `203.0.113.45.587 >` na adresi ya simu yake, flagi [S.] (njo jibu la kwanza la seriveri), ikitokea ku eth0. Ikarudilia, ikarudilia, mara tano hivi, alafu kimya. Mbele yangu kabisa. Wiki tatu niko natafuta mu Postfix kitu chenye hakikukuwa mu Postfix.

fundi_Himbi

Njo ile. Ipe adresi ya pili njia yake mwenyewe:

`ip route add default via 203.0.113.1 dev eth1 table 200`
`ip rule add from 203.0.113.45 table 200`

Hii inasema chochote chenye kinatoka na adresi ya paraboli kipite paraboli. Jaribu kwanza hivi kwa mukono, ikienda ndipo uiweke mu /etc/network/interfaces na `post-up`, bila vile kuraa ikikatika usiku asubui utaanza upya.

mama_Kamalondo

Mwanangu wa Bukavu, nakuandikia toka Lubumbashi, naongeza juu ya zile mbili zimebaki maana nazo zitakusumbua.

Ile "unreachable" na adresi ndefu ya namba na herufi ni IPv6. Ruta moja ya kwenu imeisha kuigawa mu nyumba lakini haina njia ya kuitoa inje. Postfix inajaribu, inashindwa, inaenda ku IPv4, kwa hiyo peke yake haiuwi, ila inajaza logi na inakudanganya. Weka `inet_protocols = ipv4` mu main.cf (fishie ya mipangilio ya Postfix), na hapo reload haitoshi, simamisha Postfix alafu uanzishe. Na kama uliweka AAAA (rekodi ya adresi ya IPv6) ku DNS, toa, juu unaita batu ku mulango wenye hauko.

Ya Gmail ni heshima ya adresi. PTR haiwekwi na wewe mu DNS yako, inawekwa na mwenye adresi, kwa hiyo andikia wale wa paraboli uwaombe 203.0.113.45 iitike jina la seriveri yako, na jina lile lirudi ku namba ile ile. Na SPF yako (mustari wa DNS wenye kusema adresi gani zinaruhusiwa kutuma barua zenu) bila shaka iko na fibri tu, iandike zote mbili:

`v=spf1 ip4:198.51.100.20 ip4:203.0.113.45 -all`

Wale wa paraboli wakikataa PTR, basi weka `smtp_bind_address = 198.51.100.20`, Postfix itume na adresi ya fibri tu. Hapo fibri ikikatika barua zitangoja mu foleni, Postfix inazitunza siku 5 mbele ya kuzirudisha. Kwangu mi barua ichelewe masaa mawili kuliko irudi na 550 mbele ya mununuzi. Lakini PTR ikikubaliwa, iondoe ile mustari, bila vile paraboli haitakusaidia kutuma hata siku moja.

wa_Nguba

Aksanti sana mama, aksanti mukubwa. Narudisha habari. Table 200 iko inafanya kazi, dada ametuma mara kumi toka Kalehe, kumi zote zimepita, na tcpdump ku eth0 haionyeshi tena ile 203.0.113.45. IPv6 nimefunga, logi imetulia. AAAA ilikuwako kweli, nilikuwa nimeiweka mi mwenyewe, nimeitoa. SPF tayari.

PTR bado, wale wa paraboli wamenijibu kwamba wanaangalia. Nimeweka bind ya fibri ningoje. Leo saa saba fibri imekatika dakika arobaini, nikaangalia foleni na `mailq` nikakuta barua tisa zimelala pale, moja ni ya Ubelgiji na kontra iliyosainiwa. Fibri imerudi nikapiga `postqueue -f` ili foleni ijaribu tena, zote zimetoka, `status=sent`. Mununuzi amejibu kiisha robo saa kwamba ameiona.