Raba za mpini wa rivolva zinanata kama ulimbo, nifanyeje?

Asali Mbichi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Isevya, Tabora. Nina rivolva ya Smith & Wesson Model 10, risasi .38 Special, mtutu inchi 4. Naimiliki kwa leseni tangu 2011. Kazi yangu ni kununua asali na nta Sikonge na Kaliua, na msimu ukikolea natembea na fedha taslimu porini. Wenye biashara hii mnanielewa.

Bastola yenyewe haina neno. Kinachonisumbua ni mpini. Aliyekuwa nayo kabla yangu alitoa mbao akavalisha raba nyeusi, zile laini zenye mabonde ya vidole. Jina la aliyezitengeneza lilishafutika. Miaka yote zilikuwa safi, lakini tangu masika yaliyopita zinanata. Mwanzo nikajua ni asali, maana mikono yangu ndivyo ilivyo. Nikaosha kwa sabuni, zikatulia siku mbili, zikarudia. Wiki iliyopita nikafanya ujinga, nikazifuta kwa petroli. Sasa ni ulimbo kamili: nikishika, kiganja kinatoka cheusi, nyuzi za mkoba zimeganda humo, na juzi nimebandua nzi mzima.

Zinatibika, au nitafute nyingine? Na nyingine kwa Tabora hii nazipata wapi?

Reli ya Kati
Poda ya mtoto, mkuu. Kazi imeisha.

Asali Mbichi
Nilishapaka. Sasa nina ulimbo mweupe.

Kiloleni Yetu
Mtu wa asali na bastola ya nini, nyuki hawakutoshi?

Fundi wa Kibirizi
Mkuu, mimi niko Kigoma, mwaloni Kibirizi, natengeneza injini za boti. Bastola sizijui, ila raba inayonata naiona kila wiki. Usukani wa injini unashikwa na mkono wenye petroli, mafuta na jasho mwaka mzima, na mwisho wake ndio huo wako.

Hilo unaloosha si uchafu, ndiyo maana sabuni inashindwa. Ni raba yenyewe inakufa. Ulaini wake mara nyingi unatokana na mafuta yaliyochanganywa humo kiwandani. Joto, jasho na miaka vikishirikiana, yale mafuta yanapanda juu, na raba nayo inaanza kuvunjika ndani kwa ndani. Ukiongeza petroli inakunywa, inavimba, inazidi kulainika. Mafuta ya kusafishia bunduki mengi yana tabia hiyohiyo, hivyo kila ulipoifuta silaha na mafuta yakateremkia mpinini ulikuwa unaimaliza kidogokidogo.

Nikuulize jambo: ukilala porini unapaka dawa ya mbu?

Asali Mbichi
Kila usiku. Sikonge mbu hawana adabu.

Fundi wa Kibirizi
Basi mshtakiwa mwingine huyo. Dawa nyingi za kupaka zina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, na DEET inakula plastiki na raba za aina nyingi. Wavuvi wetu wanaharibu saa na tochi hivyohivyo, halafu wanalaumu Wachina.

Kipimo ni hiki. Zitoe, kisha kandamiza ukucha mahali pasipoonekana. Alama ikirudi na chini pagumu, kilichooza ni ngozi ya juu tu. Sugua kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa cheupe, ubadilishe kitambaa mpaka kisitoke na weusi. Baada ya hapo sabuni na maji, uanike kivulini siku nzima, ndipo hiyo poda ya Reli ya Kati iwe na maana. Usiguse tina ya rangi wala asetoni. Lakini ukucha ukizama kama kwenye ubani wa kutafuna, usipoteze spiriti yako. Tupa.

Mstaafu wa Zamu
Vijana, kabla hamjafika kwenye spiriti, bastola kwanza. Nimeshika hizi .38 zaidi ya miaka ishirini.

Fungua silinda, toa risasi zote, hesabu matundu sita kwa macho na kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine. Hapo ndipo uchukue bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa, la sivyo utaitafuna kichwa. Raba za kipande kimoja kwa kawaida zina skrubu kwa chini na huchomoka kwa kuvutwa kwenda chini. Za vipande viwili zina skrubu ubavuni. Zikigoma kwa ulimbo, zungusha taratibu, usichokonoe kwa kisu.

Zikitoka utaona uti wa mpini na springi ndefu bapa ndani yake. Upande wa mbele, chini, kuna skrubu ndogo. HIYO USIIGUSE. Ndiyo inayoikaza springi. Ukiilegeza, nyundo itapiga kivivu na risasi inaweza isilipuke. Nimeona mtu mzima ameilegeza akidhani ni ya mpini, akaja kulalamika risasi ni mbovu.

Kingine, chini ya kitako cha Model 10 ndipo penye namba ya silaha. Raba za kukumbatia zinaifunika. Siku ya ukaguzi utatakiwa kuivua mbele ya askari, na ikiwa na ulimbo huo utaaibika. Mbao za kizamani zinaacha kitako wazi, namba inasomeka.

Mama Tumbaku
Shikamoo Mstaafu. Mimi niko Urambo. Marehemu baba watoto alikuwa na bunduki ya kulindia shamba. Mpini ulipoanza kuteleza alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakilowesha maji ya sabuni, akakivalisha kama soksi. Kilikauka kikashika, hakijatoka mpaka bunduki inarudishwa polisi alipofariki. Gharama yake ni tyubu iliyotoboka.

Mstaafu wa Zamu
Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Tyubu tulizitumia sana enzi zetu, inashika kuliko hizo za dukani. Ila inafungia jasho. Anayeivalisha aivue kila mwezi apanguse chini yake, kama hataki kutu.

Nyundo Kumi
Za kuagiza nje zipo, ila angalia saizi ya fremu. Ukifungua silinda utaona maandishi kwenye fremu, karibu na kile chuma kinachoibeba silinda. Smith wanazipa fremu zao herufi kwa saizi, na Model 10 ni fremu ya K. Raba za K na za L zinaingiliana, za J ni ndogo hazitakaa. Pia uti wa mpini unaweza kuwa wa pembe mraba au wa mviringo, na wengi wanaagiza bila kulijua hilo. Mimi nilisubiri mzigo wiki saba, ukaja wa mviringo. Yangu ni mraba.

Bwana Randa
Nimesoma uzi wote nacheka. Watu wa Tabora mnaagiza raba ng'ambo huku mmekalia mninga!

Mimi ni seremala, nimewahi kuchonga mipini ya aina hii miwili. Mbao ya kwanza kufikiria ni mninga. Ukishakauka vizuri haunywei wala hauvimbi kirahisi, kiangazi na masika ni uleule. Unachongeka vizuri, na rangi yake inazidi kukolea ukishikwashikwa. Mkurungu nao mzuri, mzito zaidi. Mpingo unapendeza mno, lakini unaua makali ya patasi na unaweza kupasuka usipokuwa umekauka miaka. Usikimbilie mpingo kwa sifa. Omba kipande cha mninga kilichobaki kwenye vitanda vya watu, kilichokaa karakana muda mrefu. Vumbi lake linakereketa, mwenye pumu akae mbali.

Sasa sikiliza, Asali Mbichi. Bastola isifike karakana. Seremala hana leseni ya silaha, na kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 wewe na yeye mtakuwa na maelezo ya kutoa. Fanya hivi: ukiwa nyumbani, silaha tupu, laza uti wa mpini juu ya boksi gumu, chora umbo lake kwa penseli iliyochongoka. Weka alama mahali pa kile kipini kidogo cha chuma kilicho karibu na kitako, maana mbao lazima ziwe na tundu la kukipokea, ndicho kinachozuia mpini kucheza. Pima unene wa uti kwa kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Umletee seremala boksi na vipimo. Yeye atakata plaiwudi ya umbo hilo na unene huo, atachonga mashavu mawili juu ya hiyo fremu ya uongo. Mwambie aache mbao nene kidogo kuliko inavyotakiwa, ukamalizie wewe kwa msasa ukiwa na silaha yako nyumbani.

Ziba pengo la nyuma ya kikinga cha kifyatulio. Mipini mingi myembamba inaacha nafasi hapo, na ukipiga risasi chuma kinagonga kifundo cha kidole cha kati. Raba ilikuwa inakumezea teke, mbao haimezi. Kwa .38 ni la kuvumilika.

Mwisho mafuta ya kitani mara mbili tatu, kila mara yakauke kwanza, halafu nta. Nta unayo. Matambara ya mafuta ya kitani usiyakunje ukayarundika, yanapata moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Kiloleni Yetu
Nafuta kauli yangu ya nyuki.

Asali Mbichi
Wakuu, nimerudi baada ya wiki nne.

Ukucha ulizama. Raba nimezitupa. Chini yake nilikuta kutu ya unga mwekundu upande wa kiganja, kubwa kama kucha ya kidole gumba. Miaka yote nafuta mtutu na silinda, sikuwahi kufungua huku. Nimeisugua kwa mafuta na kitambaa kigumu, imebaki alama lakini haiendelei. Mkoba wa ngozi nao nimeacha kuulaza na silaha ndani, ulikuwa unashika unyevu.

Seremala wa hapa Ng'ambo nilimpelekea boksi na vipimo kama alivyoelekeza Bwana Randa. Aliniuliza ni mpini wa nini, nikamwambia, akashukuru sikuja nayo. Mninga ulitoka kwenye mabaki ya kabati. Shavu la kushoto lilikaa mara ya kwanza. La kulia tundu la kipini lilipishana kama milimita moja, akachonga jingine bila kunidai. Mafuta mara tatu, kisha nta yangu mwenyewe ya Sikonge. Namba inasomeka kitakoni. Dawa ya mbu sasa napaka miguuni, mikono naifunika kwa shati.

Limebaki moja. Skrubu ya raba imekuwa ndefu, inachungulia upande wa pili kama milimita tatu. Niikate?

Bwana Randa
Kata kwa msumeno wa chuma, lakini kwanza pandisha nati moja kwenye skrubu. Ukishakata, ifungue hiyo nati itoke upande uliokatwa, itasafisha nyuzi. Usikaze sana, mbao inapasuka. Na picha tunaisubiri.