Naomba ushauri: tafakari za Kikristo kutokana na picha za Bagamoyo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Hupiga picha za mazingira hapa Bagamoyo na kuziandikia tafakari fupi kwa ajili ya vijana wa usharika wetu. Picha ya mikoko ndiyo iliyoniletea swali: bahari inapokupwa, mizizi yake ya kupumulia huonekana imechomoza juu ya tope kama vidole, nayo huupatia mti hewa ambayo haipatikani ndani ya tope lile. Ninaona humo fundisho la maombi wakati wa dhiki, lakini nahofia kuusemesha mti jambo ambalo Maandiko hayakulisema. Je, nianze na andiko, kama vile Zaburi ya 19, kisha nitafute picha, au picha itangulie?

La pili ni zito zaidi. Ufukwe huu, ambao macheo yake yanapendeza mno, walifikishwa watumwa waliotembezwa kutoka bara, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa hapa mwaka 1868 iliwapokea waliokombolewa. Kuandika maneno ya faraja chini ya picha ya macheo hayo bila kuyataja mateso yale, kwangu mimi si haki. Naomba mnishauri niyaeleze vipi kwa vijana wa kipaimara.