Vyura wa Kihansi: walimalizwa na bwawa au na kuvu?

Mkaazi wa Kilombero aliuliza:
Habari za jioni, ndugu zangu. Tangu utotoni nimesikia vyura wa Kihansi wakitajwa kwa mzaha, kwamba wao walipanda ndege kwenda Marekani ilhali sisi tunagombania daladala. Kila msimuliaji husema walimalizwa na bwawa la umeme, lakini mwalimu mmoja ameniambia kuwa aliyewamaliza ni kuvu. Naomba kueleweshwa: kuvu yawezaje kufuta spishi nzima?

Mfuata Mto alijibu:
Ndugu, wote wawili wana hoja. Bwawa lilipochepusha maji mengi ya Mto Kihansi, milimani Udzungwa, Tanzania, mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yaliyokuwa yakilowesha hekta chache tu za korongo la mto huo, ambako ndiko pekee duniani vyura hao walikoishi, yalikatika, na mwishoni mwa mwaka huo vyura wapatao 500 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Hata hivyo, mitambo ya kunyunyizia maji ilipowekwa korongoni, waliobaki waliongezeka tena hadi kukadiriwa kuwa 20,000 hivi katikati ya 2003. Miezi michache baadaye walikuwa karibu kwisha, na mizoga iliyopimwa ilikutwa na kuvu ya kitridi, *Batrachochytrium dendrobatidis*.

Chura hunywa maji na kurekebisha chumvi za mwili kupitia ngozi. Kuvu hii huotea humo humo, ngozi ikashindwa kupitisha sodiamu na potasiamu, na mwishowe moyo husimama. Chembe zake za uzazi zina mkia na huogelea, kwa hiyo unyevu ule ule unaomhifadhi chura ndio unaoisafirisha kuvu.

Bi. Mwanaikolojia alijibu:
Naongezea, na kwa sehemu napinga. Mwaka huo huo wa 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa kutoa tope, na wapo wanaoshuku viuatilifu vilivyokuwamo. Mimi naipa kuvu uzito mkubwa zaidi, ila sioni sababu ya kuliondolea bwawa lawama, kwa kuwa spishi iliyokwisha kubanwa katika eneo dogo haina pa kukimbilia ugonjwa ukiingia.

Kuhusu asili ya kuvu hiyo, zamani wengi walidhani imetoka Afrika, kwa sababu vyura wetu wa majini waliosafirishwa kwa vipimo vya mimba tangu miaka ya 1930 huibeba bila kuugua. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2018 ulielekeza rasi ya Korea.

Mkaazi wa Kilombero aliandika:
Ahsante, dada. Je, chura akitoweka, nani mwingine huumia?

Bi. Mwanaikolojia alijibu:
Mfano ulio wazi ni El Copé, Panama, ambako kuvu iliingia mwaka 2004. Viluwiluwi walipokwisha, mwani ulijaa mitoni, na nyoka waliotegemea vyura nao wakapungua. Usiuhamishe mfano huo Kihansi mzimamzima, kwani chura wetu huzaa watoto waliokamilika, hana viluwiluwi.

Mfuata Mto alijibu:
Vyura hao walitangazwa kutoweka porini 2009, na kuanzia 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni kutoka kwenye vizazi vilivyofugwa. Kuvu inaweza kuwa bado imo kwa vyura wengine wa hapo. Kwa hiyo ukienda milimani Udzungwa, sugua tope lote viatuni, kisha uvianike hadi vikauke kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, kwa maana kitridi haivumilii ukavu.