Naomba ushauri: nina kilo 84, kitambi hakiondoki, na sijui uzito unaonifaa ni upi

Mwalimu wa Jioni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu katika jambo linalonisumbua tangu mwezi wa tatu. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, urefu wangu ni sentimita 168 na uzito wangu wiki iliyopita ulikuwa kilo 84. Mikono yangu ni myembamba na mashavu hayajajaa. Unene wangu wote umejikusanya tumboni, kiasi kwamba nikiketi vifungo vya shati huvutana na wanafunzi hukonyezana.

Nilikwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, mhudumu akanipandisha kwenye mizani, ikasoma kilo 87. Akatazama chati iliyobandikwa ukutani, akaniambia kwamba mtu wa urefu wangu hapaswi kuzidi kilo 70, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mara ya mwisho kuwa na kilo 70 nilikuwa chuoni, nikiishi kwa mlo mmoja na deni kwa mama ntilie.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala chali na kujiinua mara mia moja kila alfajiri, nimeacha kifungua kinywa, na nimekunywa maji ya limao na tangawizi hadi meno yakaanza kuuma. Nimepungua kilo tatu tu, na tumbo liko palepale. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mwalimu mwenzangu wa michezo ana urefu kama wangu na kilo 84 kama mimi, lakini tumbo lake ni bapa kama ubao. Je, naye ana unene wa hatari? Halafu kuna mama yangu, aliyeniona mwezi wa sita nilipokwenda Kondoa, akampigia simu mke wangu kwa siri kumuuliza ninaumwa nini. Ninaomba kuelezwa: uzito unaonifaa ni upi, na hiki kitambi kinaondokaje?

Nesi Mstaafu

Mwalimu, pole kwa mkanganyiko. Chati uliyoonyeshwa haikukosea hesabu, bali ilijibu swali dogo kuliko lile ulilokuwa nalo. Inatokana na kipimo cha BMI, yaani uzito wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwako ni 84 kugawanya kwa 2.82, na jibu ni karibu 29.8. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 huhesabiwa kuwa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, kwa hiyo ulipokuwa na kilo 87 ulikuwa umeuvuka mstari huo na sasa umerudi nyuma yake kidogo. Usizidharau kilo tatu hizo.

Lakini BMI haijui kama kilo zako ni misuli, mifupa au mafuta, wala haijui mafuta hayo yamekaa wapi. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji aliyekuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii, na wala hakuwa tabibu wa kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana wewe na mwalimu wa michezo mnapata namba ileile huku miili yenu ikiwa tofauti kabisa.

Kwa hiyo weka mizani kando kwa leo, utafute tepu ya fundi cherehani. Vua shati, usimame wima, upapase ubavu wa mwisho na kilele cha mfupa wa nyonga, kisha upitishe tepu katikati ya alama hizo mbili. Pumua nje kama kawaida, usilivute tumbo ndani, na usome namba. Tafadhali usinitajie namba ya suruali. Wanaume wengi wenye vitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, wakajisifu kwamba tangu waoe wanavaa 36.

Mwalimu wa Jioni

Nimepima mara tatu mbele ya mke wangu: sentimita 104. Na suruali ninavaa 36, umenipatia.

Nesi Mstaafu

Nilidhani hivyo. Kwa wanaume, Shirika la Afya Duniani huiona hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo kuwa imeongezeka mzunguko ukifika sentimita 94, na kuwa kubwa zaidi ukivuka 102. Kwa wanawake mipaka ni 80 na 88. Kuna kanuni nyepesi zaidi ambayo haihitaji jedwali, kwamba mzunguko wa tumbo usifike nusu ya urefu wako. Nusu ya 168 ni 84. Ukitaka kulichukulia kwa mzaha, hiyo namba 84 haina ubaya wowote isipokuwa imekaa mahali pasipo pake: ihame kwenye mizani iende kwenye tepu.

Sababu ya kusisitiza tumbo ni hii. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, yana madhara madogo kuliko yale yanayozunguka ini na utumbo kwa ndani, ambayo humwaga mafuta katika damu inayoelekea moja kwa moja kwenye ini. Hapo ndipo sukari na lehemu (kolesteroli) huanza kuvurugika, hata kwa mtu mwenye mikono myembamba kama yako. Naomba kabla ya kubadili chochote ukapime sukari ukiwa hujala, na shinikizo la damu.

Mtabibu wa Asili

Ndugu, usihangaike na hesabu za Wazungu. Ninayo chai ya mchanganyiko wa majani kumi na mawili inayosafisha tumbo kwa siku kumi na nne bila mazoezi. Nitumie ujumbe faraghani.

Bi Mvita

Kaka yangu mwalimu, nakuandikia kutoka Mombasa, na kabla hujatuma fedha muulize huyo bwana kama miongoni mwa majani yake kumi na mawili hamna sanamaki. Bibi zetu waliijua sanamaki kwa mtu aliyefunga choo, nao waliitoa kwa kipimo. Ukiinywa siku kumi na nne utaharisha, mizani itashuka kwa sababu umepoteza maji na kinyesi, na mafuta yatabaki yakikungoja. Nilipojifungua mtoto wangu wa tatu nilinunua chai ya aina hiyo, nikafurahia kilo mbili kwa wiki moja, na wiki iliyofuata zikarudi zote.

Kwangu mimi tatizo lilikuwa katika vitu ambavyo sikuvihesabu kuwa chakula. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi, jioni viazi karai vya mlangoni, na katikati ya hayo vikombe vya chai ambavyo hakuna anayevihesabu. Hata Ramadhani, mwezi ambao mtu angetarajia kupungua, mimi niliongezeka, maana nilishinda na njaa kisha nikafuturu kwa vyakula vya kukaanga na sharubati hadi saa za daku. Ndiyo maana nina shaka na hiyo njia yako ya kuacha kifungua kinywa. Hebu tuambie ukweli: saa nne unakula nini shuleni?

Mwalimu wa Jioni

Saa nne ninakula chapati mbili na supu, au chapati tatu kama sikunywa chai nyumbani. Chai ni vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Soda moja mchana. Usiku ni ugali, mara nyingi baada ya saa tatu, na Ijumaa na Jumamosi ninakunywa bia mbili au tatu na wenzangu kwa nyama choma.

Mzee wa Kirumba

Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu, tuihesabu chai. Kijiko kidogo cha sukari kina takribani gramu 4, kwa hiyo vijiko kumi na viwili ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50. Umekaribia kuumaliza mgao wako kwenye chai kabla hujafungua soda, na soda ya mililita 330 huongeza gramu 35 hivi. Bia ya nusu lita hubeba karibu kalori 200, mbali na nyama inayokuja kwa sababu ya bia, maana hakuna anayeagiza mchicha mezani hapo.

Mimi nilikuwa na sentimita 112 za tumbo nikifanya kazi ya kuketi benki, hapa Mwanza. Leo nina 97, na imenichukua miezi kumi na minne. Sikuacha ugali, na ninawaonea huruma wanaoambiwa waache ugali katika nyumba ambayo wote wanakula sahani moja. Niliupunguza hadi ukubwa wa ngumi yangu, nikajaza nafasi iliyobaki kwa matembele, maharage na sato wa kuchemsha badala ya kukaanga, kwa kuwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 zisizoonekana. Chai nilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili kwa mwezi mzima, kisha kimoja. Mwezi wa kwanza ulinichukiza. Sasa nikipewa chai ya zamani naiona kama sharubati.

Kuhusu kujiinua mara mia, misuli ya tumbo lako bila shaka imekomaa, ila imefunikwa. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, ambao mkono mmoja hufanya kazi kuliko mwingine kwa miaka mingi, wakakuta mafuta chini ya ngozi ya mikono yote miwili yana unene uleule. Mwili ndio unaoamua mafuta yapungue wapi. Nilichofanya mimi ni kutembea kwa haraka kutoka Kirumba hadi Bwiru, dakika 40 kwa siku tano, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili, ili kilo zinazoondoka zisiwe za misuli.

Na mama usimpuuze. Sisi tuliokulia kanda ya ziwa miaka ya themanini tunakumbuka kwamba ng'ambo ya pili, Uganda, ukimwi uliitwa "slim", yaani kukonda. Mzazi aliyezika watu wakati ule hawezi kukuona shingo imepungua akanyamaza. Kazini kwangu watu walichangishana fedha kimyakimya wakidhani ninaumwa, nikalazimika kuwaeleza. Mweleze mama mwenyewe, tena mapema, kabla hajaelezwa na jirani.

Bi Mvita

Naomba kuongeza jambo kwa wanawake wanaosoma. Si kila tumbo linalokua ni mafuta. Dada yangu alijifunga mikanda ya kubana tumbo kwa mwaka mzima, akifunga na kujinyima, kumbe ulikuwa uvimbe kwenye kizazi, nao ulionekana kwa kipimo cha dakika chache cha ultrasaundi.

Nesi Mstaafu

Umesema vyema, dada. Tumbo lililoongezeka haraka ndani ya wiki, lililo gumu au lenye maji, huku miguu ikivimba au mtu akikonda kwingine kote, ni la kupelekwa hospitali. Huko kwa Mzee wa Kirumba kichocho cha muda mrefu huharibu ini na kujaza tumbo maji, na nimewaona vijana wakitaniwa kuwa wana vitambi. Tumbo la mwalimu ni la miaka, laini, lisilo na maumivu, lakini vipimo bado vinahitajika.

Mwalimu wa Jioni

Nimetoka kupima. Sukari bila kula ni 6.4, shinikizo ni 138 kwa 88. Nimeambiwa si kisukari, lakini si salama. Naomba basi mnitajie kilo ninazopaswa kuzilenga, kama si 70.

Nesi Mstaafu

Sukari ya kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni eneo la tahadhari, na 7.0 ikithibitishwa ni kisukari, kwa hiyo umefika kwa wakati mzuri. Kupungua kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito kwa kawaida hutosha kushusha sukari na shinikizo, na kwako hiyo ni kilo 4 hadi 8. Lenga kilo 80 kwanza, kisha 76, kwa nusu kilo kwa wiki au hata pungufu. Ukifika 76 huku tepu ikisoma chini ya 94 na sukari imerudi mahali pake, mimi sitakudai kilo 70, na utakuwa na muda wote wa kuifuata 84 ya tepu. Mwalimu wa michezo mwache na kilo zake, mradi tumbo lake ni hilo ulilotueleza. Rudi upime sukari baada ya miezi mitatu.

Mwalimu wa Jioni

Wakuu, naleta mrejesho, miezi mitatu imepita. Uzito ni kilo 80.5, tumbo ni sentimita 99, sukari ni 5.8. Ninakunywa chai asubuhi pamoja na yai na kiazi kitamu, na chapati ya saa nne imebaki moja. Soda nimeiacha, bia bado ni mbili kila Jumamosi, hilo sitawaficha. Ninatembea jioni kutoka shuleni hadi Nkuhungu, na upepo wa Dodoma unanisukuma siku moja na kunizuia siku inayofuata.

Mama nilimpigia kabla ya kwenda, nikamsomea majibu ya vipimo moja baada ya jingine. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama 5.8 ni nyingi au kidogo, kisha akasema nikija ataniwekea ugali wa ngumi moja, ila ngumi itakuwa ya kaka yangu, ambaye ni fundi mawe.

Bi Mvita, mke wangu anauliza: ukipika mbaazi kwa watu sita, siku hizi unatia tui la nazi ngapi?

Bi Mvita

Nusu nazi, kaka, na tui jepesi ndilo ninalochemshia. Zito ninalitia vijiko viwili tu mwishoni, kwa ajili ya harufu.